Ukumbi Uliowapa Watu Kisogo

9 Februari

Mjomba wangu mpenzi,

Shikamoo. Barua hii ikukute mzima, wewe na mkeo, na kama masikio yako bado yamegomea simu, basi macho nayo yasigome. Mama aliniambia nisihangaike kupiga. "Mjomba wako ukimpigia anasema haloo, haloo, halafu anakata." Ndiyo maana nimeshika kalamu.

Sisi hatujambo. Mama goti linamsumbua wakati wa baridi, lakini ukimwambia apumzike anakuuliza kama umeshamwona ameanguka. Mwanangu ameota meno mawili na ameshanionjesha yote mawili. Cherehani yangu sasa ina chumba chake, pembeni mwa duka la madaftari, na sare za wanafunzi ndizo zinazotulisha. Halafu mwezi uliopita nimepewa cheo: katibu wa kamati ya ukumbi. Usinipongeze. Walinichagua kwa sababu mwandiko wangu unasomeka, na kwa sababu siku hiyo sikuwepo mkutanoni.

Sasa jambo lenyewe. Maonyesho yanarudi, mjomba! Baada ya uwanja kukaa miaka yote hii ukiliwa na mbuzi, mwaka huu Agosti, watu wakishavuna, tutakuwa na ng'ombe, majogoo, maboga na mashindano ya kukamua maziwa kama zamani. Mwenyekiti wetu ni yule mwalimu mstaafu tunayemwita Kipaza, kwa kuwa hajawahi kuhitaji kipaza sauti. Anataka siku hiyo isomwe historia ya ukumbi na uwanja wake, na ukumbi upewe jina la heshima badala ya hili la Kisogo. Historia naiandika mimi. Wewe ndiye uliyeujenga, nani atajua kuliko wewe?

Wanachosema hapa unakijua. Eti fundi alishika ramani kichwa chini miguu juu, ndiyo maana ukumbi una mlango mmoja tu, unatazama barabara, na uwanja umepewa kisogo. Mpaka leo mtu akikupotezea muda unamwambia, "Usinizungushe Kisogo." Nilimuuliza mama kama ni kweli. Akasema chumvi imekwisha, akatoka kwenda dukani. Chumvi ilikuwepo.

Niandikie, mjomba. Kuuliza si ujinga.

Mpwa wako,
fundi cherehani


2 Machi

Mpwa wangu, mama wa mng'ata watu,

Marahaba. Barua yako imefika, na mke wangu ameisoma kwanza kwa sababu yeye ndiye serikali. Anakusalimu. Tuko wazima. Masikio yangu yaliliwa na mashine ya kuchanganyia zege. Nilisimama karibu nayo ujana wangu wote, na sasa inanguruma kichwani hata ikiwa imezimwa. Hongera kwa cheo. Asiyehudhuria mkutano ndiye huchaguliwa, mambo hayajabadilika.

Umeuliza habari za ukumbi. Andika hivi. Matofali yalichomwa kwenye tanuri kule bondeni, na yote yalitolewa na babu yako, baba yangu. Siku ya kuwasha tanuri alimtoa fahali wake achinjwe ili watu washibe wafanye kazi. Alikuwa akiamka kabla yangu, akibeba matofali begani na hali alikuwa mtu mzima mwenye heshima zake. Hilo liandike kwa herufi kubwa.

Kenchi za paa ni za mti mgumu kiasi kwamba msumari ulikuwa unapinda na fundi anatukana. Mabati tuliyapiga siku ya upepo. Moja liliruka likaangukia kibanda cha kuku. Kuku hakufa, ila hakutaga tena. Sakafu tuliisugua kwa mawe laini mpaka ukaweza kuona meno yako. Panya waliingia kabla ya mgeni rasmi. Maji ya kuchanganyia udongo na saruji waliyaleta wanawake, na mama yako, wakati huo kisichana, alibeba ndoo iliyomzidi kimo.

Uwanja ulikuwa malisho ya mjane mmoja aliyefuga mbuzi. Palikuwa tambarare. Aliutoa kwa moyo wake.

Basi, hiyo ndiyo historia. Pakeni rangi, upeni ukumbi jina la babu yako. Litapendeza.

Msalimie mama yako. Hilo goti alikande kwa maji ya moto.

Mjomba wako


20 Machi

Mjomba,

Shikamoo, na salamu kwa serikali yako. Mtoto ameanza kutambaa na sasa kila sindano nyumbani ina mlinzi. Mama yuko salama. Barua yako aliniomba "aitupie macho kidogo", na mpaka leo sijaiona tena.

Nilishaisoma lakini. Ina matofali, ina mabati, ina kuku asiyetaga, ina hata panya. Mlango haumo.

Mjomba, mimi na wewe sote ni mafundi. Nguo nikiikosea naifumua, mwenye nguo asijue. Wewe ukuta wako watu wanauzunguka mpaka leo. Maonyesho ya mwisho, nilipokuwa shule, mvua ilinyesha watu wakiwa uwanjani. Wote wakakimbia kuuzunguka ukumbi, na mama mmoja akateleza na boga lake la ushindi. Boga lilipasuka. Yeye alivunjika mkono. Kwa hiyo kamati inataka kutoboa mlango wa pili, upande wa uwanjani, kabla ya Agosti.

Jina la babu limepita bila kupingwa, na bango linachorwa. Lakini Kipaza anataka historia ianze na kile kichekesho cha ramani, "ili watu waamke." Mkono wangu unakataa kukiandika. Nimeziona picha za nyumba ulizojenga huko. Mtu wa timazi na pimamaji hashiki ramani kichwa chini.

Na niulize lingine, unisamehe. Kwa nini hujawahi kurudi ukakaa hata wiki? Kwenye msiba wa babu ulikuja asubuhi, jioni ukaondoka. Nilikuwa mdogo. Nakumbuka viatu vyako tu.

Mama anakusalimu. Kusema kweli alisema, "Mwambie nipo." Nimeiandika kama alivyoitoa.

Mpwa wako


11 Mei

Mpwa wangu,

Marahaba. Nimechelewa kujibu, nilikuwa na kazi. Kazi gani, usiniulize, maana unapenda kuuliza.

Andika kwamba fundi alikosea. Fundi alikuwa kijana, alikosea, watu wakacheka, ukumbi ukaendelea kusimama. Kuna ubaya gani watu wakicheka? Funika kombe mwanaharamu apite.

Babu yako alikuwa mtu mkubwa pale kijijini. Aliyelala kaburini hana mdomo wa kujitetea, na mtoto hamvui baba yake nguo hadharani. Mimi sikumvua akiwa hai, sitamvua leo.

Ukiniandikia tena, niandikie habari za mtoto.

Mjomba wako


25 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Habari za mtoto: ameota la tatu, na anamwita mbuzi wa jirani "baba". Umeona, nimetii.

Sasa nisikilize na wewe. Kamati ilimleta mkandarasi kutoka mjini aangalie ukuta wa nyuma. Kijana mwenye adabu, sina la kumlaumu. Alipima, akapanda ngazi, akatazama kenchi. Akasema ukuta huo ndio umebeba paa lote, na haoni dalili ya lenta ndani yake, ule mhimili wa kubeba uzito juu ya mlango. Ukiutoboa, unashusha paa. Ushauri wake ni kuvunja ukumbi wote, tuezeke banda la nguzo za chuma badala yake. Wengine kwenye kamati wameshaanza kugawana mabati kwa macho. Mkutano wa kuamua ni katikati ya Juni. Kipaza amenyamaza, na Kipaza akinyamaza ujue mambo ni mazito.

Sikuulizi tena kwa ajili ya historia. Nakuuliza kama ukumbi huu ufe au uishi. Mimi niliolewa humo ndani. Humo tulipigwa chanjo, tulifanya mitihani, tulilala siku zile za mafuriko. Nikifikiri nyundo zinaingia, moyo unaniuma kweli.

Mama aliposikia habari za kuvunja aliweka sahani chini, hakula. Mama yangu, mjomba! Mtu anayekula hata akiwa na homa. Nikamwambia, mama, kama kuna kitu sema. Akanijibu, "Muulize kaka yangu."

Nimekuuliza.

Mpwa wako


3 Juni

Mpwa wangu,

Salamu baadaye. Wasivunje.

Lenta ipo. Niliiweka mwenyewe. Nenda upande wa uwanjani, katikati ya ukuta, hatua chache kushoto kwa kile kitundu cha hewa kilichozibwa. Gonga. Ukuta utalia wazi kuliko pengine. Pale pana mlango, mpwa wangu. Lenta ya zege na chuma juu, kingo za saruji huku na huku, na katikati nimejaza matofali kwa udongo mtupu, yatoke bila kusumbua. Kisha nikapiga plasta juu. Mkandarasi wenu hana kosa, mimi ndiye niliyemficha.

Sasa utataka kujua kwa nini. Haya.

Baba alitaka maonyesho yafanyike kwenye shamba lake. Mkutano ukachagua malisho ya yule mjane, kwa sababu shamba la baba lilikuwa mteremko na boga likiwekwa chini linaondoka zake. Baba hakusema neno. Lakini matofali yalikuwa yake. Siku tuliyofika usawa wa milango, watu wameenda kula, alinijia pale pale kwenye jukwaa la ujenzi. Ramani ilikuwa mkononi mwangu na mlango ulitazama uwanja, wazi kabisa. Akaniambia, "Matofali yangu hayatamtazama yule mwanamke. Mlango weka barabarani."

Nilimwambia baba, watu watazunguka. Akasema wazunguke.

Nikatii. Ningefanya nini? Ni baba yangu. Lakini mkono wa fundi una akili yake, ukaenda ukaweka lenta. Nilijisemea, mzee atapoa, wiki moja tu, nitayatoa matofali na mlango utafunguka. Hakupoa.

Siku ya maonyesho ya kwanza mgeni rasmi alisimama katikati ya uwanja akauliza, "Jamani, ukumbi unaingiliwa wapi?" Mtu akapaza sauti kwamba fundi alishika ramani kichwa chini. Watu wakacheka. Nikamtazama baba. Nilidhani atasema japo neno moja, aseme ni mimi niliyemwagiza. Akacheka na yeye. Alicheka kuliko wote, mpaka kofia ikamdondoka, akasema, "Vijana wa siku hizi!"

Kicheko cha watu ningekimeza. Cha baba kilinikaa kooni mpaka leo. Nikakusanya zana zangu nikaondoka, na kila nilipotaka kurudi niliona ule ukuta kwanza, ndipo nikawaona nyinyi.

Sasa umejua. Waonyeshe lenta, sema fundi aliiacha kwa tahadhari. Habari za baba zibaki hapa kwenye karatasi.

Mjomba wako


14 Juni

Mjomba wangu,

Shikamoo kwa mikono miwili. Kaa chini ndipo usome. Kama serikali imeshaisoma, na yeye akae.

Barua yako ililetwa na kondakta wa basi nikiwa dukani, na mama alikuwa amekuja kunichukulia mtoto. Nikamsomea. Nilifika pale penye "Gonga" tu. Hakungoja. Akanirudishia mtoto, akapita jikoni akachukua mchi, akaenda. Lile goti sijui lilikuwa wapi siku hiyo. Mimi nyuma yake na mtoto mgongoni, namwambia mama ngoja nikusomee ni wapi.

Mjomba, hakutafuta. Hakutazama kitundu cha hewa, hakupima. Alikwenda moja kwa moja mpaka kwenye ukuta, akagonga mara moja, ukalia kama mtungi mtupu. Akasema, "Hapa."

Nikamuuliza alijuaje. Akakaa kwenye nyasi, mchi magotini, ndipo akasema. "Nilikuwa narudi na ndoo. Nikamsikia baba akimwambia kaka mambo ya matofali. Nikaogopa, nikageuka na maji yangu, nikakaa kisimani mpaka jua likageuka. Niliporudi nikamwona kaka anaweka lenta mahali pasipo na mlango. Nikajua anafanya nini." Nikasema, mama, mbona hukumwambia kwamba unajua? Akanijibu, "Aliondoka kabla sijapata maneno. Halafu nikaishi na baba. Utaanzia wapi?"

Siku ya mkutano mkandarasi alibandua plasta kidogo kwa patasi. Lenta ikatokea, imenyooka, haina hata ufa. Yule kijana alifurahi kama yake. Akauliza aliyeimwaga yuko wapi. Watu wakanitazama mimi, nami nikafungua mdomo niseme "kwa tahadhari" kama ulivyoniagiza.

Mama akasimama. Unajua mama hasimami mikutanoni. Akasema, "Baba yetu alitoa matofali. Na baba yetu ndiye aliyefunga mlango huu, kwa hasira zake. Yote mawili ni yake. Kaka yangu hakushika ramani kichwa chini. Alishika mdomo wake." Kisha akakaa.

Halafu Kipaza, kwa sauti ambayo sikujua kama anayo, akasema, "Kichekesho hicho nimekisimulia maisha yangu yote. Darasani nimekisimulia." Akavua miwani akaifuta, akaivaa, akaifuta tena. Hakuna aliyecheka, na hakuna aliyemtukana babu. Mzee mmoja alisema tu, "Alikuwa na hasira, lakini yule fahali tulimla wote." Ndipo watu wakapumua.

Hakivunjwi kitu. Bango la jina la babu litakaa juu ya mlango wa barabarani. Mlango wa uwanjani utaitwa mlango wa mama wa mbuzi, yule mjane aliyetoa uwanja, ndivyo tulivyoafikiana. Historia nimeiandika upya, na nimeiandika yote, matofali na hasira. Hukunipa ruhusa. Mama ndiye aliyenipa, na yeye pia ni mtoto wa baba yenu.

Vijana walitaka kuyatoa matofali siku ile ile. Mama aliwanyang'anya nyundo. Alisema yaliwekwa na mwenyewe na yatatolewa na mwenyewe.

Hajasema uje, na hawezi kusema. Lakini amefua mashuka ya chumba cha wageni, ameyaanika, na jana nimemkuta anayafua tena.

Mpwa wako


28 Juni

Mpwa wangu,

Marahaba mama, marahaba sana. Barua nimeisoma mwenyewe safari hii. Mke wangu alinipokonya nilipofika kwenye mchi, kwa sababu macho yangu yalikuwa hayaoni tena, akanisomea iliyobaki kwa kupiga kelele mpaka majirani wakaja kuuliza kuna nini.

Nimelia, na sioni haya kukuandikia.

Miaka yote hii nilidhani kwamba nimebeba ule ukuta peke yangu. Nilijionea huruma, nikajiona mwana mwema aliyemfichia baba yake aibu, nikakaa mbali nikijipongeza na kununa. Kumbe kuna binti alisimama na ndoo ya maji nyuma ya jukwaa, akaona yote. Nikaenda zangu nikamwachia ukuta, nikamwachia na mzee. Mimi nilikuwa naukimbia. Yeye alikuwa akipita mbele yake kila siku akienda kisimani, anajua mlango uko wapi, hana wa kumwambia.

Nilidhani neno lake "nipo" ni la kunisuta. Sasa nimelielewa.

Baba hukumvua nguo, wala mama yako hakumvua. Mmempa zile alizokuwa nazo, basi.

Sasa tuongee kazi. Tunakuja na mke wangu mwisho wa Julai, ili plasta mpya ikauke kabla ya maonyesho. Mfuko wangu wa zana nimeshaufungua, mwiko una kutu lakini unakubali. Mtafutie fundi seremala mbao zilizokauka vizuri, atengeneze mlango wa mbawa mbili wa kufungukia nje, apite hata ng'ombe ikibidi. Yule mkandarasi awepo, napenda mtu anayefurahia lenta. Na udongo ule wa katikati ya matofali utakuwa mkavu kama unga, kwa hiyo watu wasimame mbali, isipokuwa mama yako. Tofali la kwanza nitalitoa mimi. La pili atalitoa yeye, na nyundo achague mwenyewe.

Umwambie Kipaza asijisumbue kuniomba radhi. Kichekesho chenyewe kilikuwa kizuri, kilikosea tu mtu wa kuchekwa.

Mtoto mbusu, lakini mbali na meno.

Katika barua ya kwanza nilikuagiza umsalimie mama yako. Leo sikuagizi. Salamu zake nitampelekea mwenyewe.

Mjomba wako